STI inakula oili lita moja kwa kilomita elfu: niweke oili gani kabla sijashusha injini?

Mshale_wa_Bluu
Wakuu, heshima kwenu. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2004, GDB, injini EJ207. Ilishuka bandarini kutoka Japani ikisoma kilomita 118,000, sasa iko 141,000. Gari ni nzima, inavuta, haigongi, temperecha haipandi. Shida ni oili. Nikijaza hadi alama ya juu, nikaenda Iringa na kurudi Dar, kijiti kinasoma alama ya chini. Sakafuni ninapopaki hakuna tone.

Moshi mwenyewe siuoni. Jamaa anayenifuata nyuma anasema nikishuka Kitonga kwa gia, halafu nikakanyaga mafuta pale bondeni, unatoka moshi wa bluu mara moja kisha unakata.

Natumia 5W-30 sintetiki, ndiyo iliyo kwenye kitabu cha Kijapani. Fundi wa kwanza kasema niweke 20W-50 mambo yataisha. Wa pili anataka ashushe injini abadilishe ringi. Muuza oili mmoja Gerezani akanipa kopo la dawa nzito kama asali, nimwage humo ndani. Wote wana uhakika wa asilimia mia. Hela ya kufungua boksa, yaani injini yenye silinda zilizolala, mnaijua, kwa hiyo swali langu ni la oili kwanza.

Kandambili
Siti ya mbele, karanga mkononi.

Mzee_Spana
Vijana mnapenda mambo magumu. Injini iliyochoka ringi inataka oili nzito, basi. Weka 20W-50, kwa jua hili gari itatulia. Nimefunga injini tangu enzi za Peugeot 504 na Datsun pikapu, tukitia namba 40 tupu, na gari zilifika Sumbawanga kwenye vumbi. Hiyo 5W-30 yenu ni maji ya kunywa, imetengenezwa kwa ajili ya watu wa theluji.

Valvu16
Shikamoo Mzee Spana. Kuhusu theluji uko sahihi. Namba ya mbele ya W ni ya baridi: 5W inapimwa uwezo wake wa kuruhusu injini izunguke kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Hata Makete umande ukiganda hatufiki huko. Anayekuuzia 0W kwa bei kubwa eti injini itawaka vizuri asubuhi ya Dar, anakuuzia baridi ambayo hatuna.

Namba ya pili ndiyo ya kwetu. Hiyo inaeleza mnato oili ikiwa ya moto, kwenye nyuzi 100. Halafu kuna kipimo kingine ambacho hakiandikwi mbele ya kopo, kinaitwa HTHS: mnato kwenye nyuzi 150, oili ikiwa inabanwa na kusagwa kama inavyosagwa kwenye beringi za krenki. Namba 30 inatakiwa isishuke chini ya 2.9. 5W-40 na 10W-40, isishuke chini ya 3.5. 20W-50, 3.7. Ukiangalia hapo utaona kutoka 30 kwenda 40 ni hatua kubwa, ila kutoka 5W-40 kwenda 20W-50 ni hatua ndogo sana. Kwa hiyo ulinzi mwingi anaoutafuta mzee kwenye 20W-50 unaupata kwenye 40 nzuri.

Sasa tunapotofautiana. Peugeot 504 ya petroli haikuwa na tabo, ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini. Shafti ya tabo ya STI inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inaelea juu ya utando wa oili, na upande mmoja ina moto wa ekzosi. Oili ya madini ya bei rahisi ikikaa pale ukizima gari ghafla, inaungua na kuwa mkaa. Pia EJ207 ya GDB ina AVCS, ule mfumo wa kuchezesha muda wa valvu za kuingiza hewa, unaendeshwa na presha ya oili kupitia vitundu vyembamba. Oili nzito ikiwa bado haijapata moto inasukumika pale kwa shida.

Tena angalia nyuma ya kopo. 20W-50 nyingi za bei ya chini zina daraja la zamani la API, taasisi ya Marekani inayopanga ubora wa oili. SL ni ya 2001, SN ya 2010, SP ya 2020. Ukiona SF au SG, hiyo ni ya zama za 504 kweli.

Mzee_Spana
Marahaba. Mimi sikusema aweke ya bei chini. Na nikuulize: mbona wakiweka 20W-50 ulaji unapungua? Nimeona kwa macho, si kwa kusoma.

Valvu16
Unapungua, mzee, sibishi. Ila sababu yake si ile watu wanayodhani. Wengi wanaamini oili nzito "inaziba" nafasi kati ya ringi na silinda. Inasaidia kidogo. Sababu nyingine ni uvukaji. Oili ikiwa kwenye joto kali sehemu yake nyepesi inageuka mvuke, mvuke unanyonywa na hewa ya krenki kupitia PCV, kivalvu cha kutoa hewa hiyo, unarudi upande wa kuvuta hewa na kuungua. Wewe unaona kijiti kimeshuka, moshi hakuna.

Kipimo chake kinaitwa Noack: wanapasha oili nyuzi 250 kwa saa moja, kisha wanapima uzito uliopotea. Daraja la API SP kwa oili kama 5W-30 linaruhusu hadi asilimia 15. ACEA A3/B4 ya Ulaya inaruhusu hadi 13. Zipo sintetiki zinazopoteza 10 au chini ya hapo. 20W-50 inatengenezwa na mafuta ya msingi mazito, hivyo haivuki sana hata kama ni ya madini. Ndicho alichokiona mzee.

Ushauri wangu kwa mleta uzi: 5W-40 au 10W-40 sintetiki, nyuma iandikwe ACEA A3/B4 au C3, na API SN au SP. Quartz 9000 5W-40 na Helix Ultra 5W-40 zote zina A3/B4, na wengine wanazo pia. Usinunue jina, nunua hayo maandishi ya nyuma. Kisha ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji upakue karatasi ya vipimo, utafute mstari wa Noack. Asiyeuandika, mimi huwa namruka.

dereva_wa_mwendokasi
Na feki je? Mjini hapa kopo la kweli na lililochakachuliwa yanafanana kama mapacha.

Valvu16
Nunua kwa wakala au kwenye kituo cha mafuta cha kampuni husika, chukua risiti. Angalia ule mkanda wa kifuniko kama umekatika, soma namba ya toleo kwenye kopo. Na ukimaliza kumwaga toboa kopo. Makopo matupu yana soko, na tunajua yanakwenda kufanya nini.

Kaunti47
Niko Nairobi, nawasoma kutoka huku. Nina Forester ya tabo, EJ255, hadithi ni hiyo hiyo. Nilitoka 5W-30 nikaenda 10W-40, ulaji ukapungua lakini haukuisha. Makanika wangu wa Industrial Area aliniambia jambo moja: kwenye Forester na Legacy nyingi za tabo kuna kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo. Kikiziba kwa tope la oili, tabo inakosa oili na kufa. Kama unakula oili na pia unachelewa kubadilisha, hapo ndipo pa kuangalia mapema.

Na tusisahau kwamba gari hizi zimezoea mateso. Dereva Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, sisi huku bado tunaongea juu yake.

Kandambili
McRae alikuwa na timu nzima ya mafundi wanamsubiri kila kituo, ndugu. Sisi tuna fundi mmoja na simu yake haipatikani.

Mama_Boksa
Jamani mnaongelea oili tu, hakuna aliyemuuliza inapotea wapi. Nimekaa gereji ya kaka yangu Tabata miaka mingi, hizi boksa zinapita kila wiki. Mleta uzi, nakwenda taratibu.

Hakuna tone sakafuni haina maana haivuji. Kwenye boksa kava za valvu ziko ubavuni, chini kabisa, na bomba la ekzosi linapita hapo hapo. Gasketi ikichoka oili inadondokea kwenye ekzosi ya moto na kuungua kabla haijafika chini. Utasikia harufu ukisimama kwenye taa, hasa ukiwa umefungua vioo. Pandisha gari, mulika tochi pande zote mbili.

La pili, jinsi unavyopima. Kijiti cha Subaru kina ujanja. Gari iwe sehemu iliyo sawa, ukizima subiri dakika kumi, futa, chovya tena, soma pande zote mbili za kijiti na uamini upande unaosoma chini. Watu wanapima gari ikiwa mlimani, wanaongeza lita nzima, oili inazidi, krenki inaichapa inatoa povu, na ile iliyozidi inanyonywa na kuungua. Kisha wanasema inakula.

La tatu, PCV. Ni kivalvu kidogo tu, bei yake haifiki hata ya kopo la oili. Kwenye gari ya tabo kinatakiwa kifunge tabo inaposukuma hewa. Kikikwama wazi, hewa ya tabo inaingia ndani ya krenki, presha inapanda, oili inasukumwa kupita ringi. Halafu tabo yenyewe inarudisha oili kwa kuteremka tu, haisukumwi na pampu. Krenki ikiwa na presha, oili inarudi nyuma na kupenya kwenye tabo, ambayo haina sili ya mpira, ni kiringi cha chuma. Unakuja kununua tabo mpya kwa kosa la kivalvu.

La nne ndiyo hiyo ya Kitonga. Ukishuka mlima kwa gia bila kukanyaga mafuta, upande wa kuvuta hewa unakuwa na mvuto mkali. Oili inanyonywa kwenye shina za valvu kama sili zimekauka, ukikanyaga inaungua kwa mpigo. Moshi wa mara moja kisha unakata, mimi ningeanza kushuku sili za valvu. Ringi za oili zilizoganda kwa mkaa nazo zinaweza kufanya hivyo, kwa hiyo usiape. Moshi unaoendelea muda wote ukivuta, hapo ni ringi au pistoni. Moshi ukitoka gari ikiwa imesimama baada ya kukimbia, geukia tabo.

Mshale_wa_Bluu
Dada Mama Boksa, asante sana. Nipime nini sasa ili nijue bila kufungua?

Mama_Boksa
Kompresheni kwanza, kisha kipimo cha uvujaji, yaani kusukuma hewa ya kompresa kwenye silinda pistoni ikiwa juu na kusikiliza inatokea wapi. Ikitokea kwenye kifuniko cha oili ni ringi. Kwenye ekzosi, valvu za kutolea. Kwenye bomba la kuvuta hewa, valvu za kuingiza. Usikubali ile ya kumwaga kijiko cha oili kwenye silinda na kupima tena. Hiyo ni ya injini iliyosimama. Kwenye boksa silinda zimelala, oili inakaa upande wa chini tu, majibu yanadanganya.

Ujue pia kwamba sili za valvu zilizokauka hazionekani kwenye kipimo chochote kati ya hivyo viwili. Silinda zote zikija nzuri na moshi wa Kitonga upo, jibu umeshapata.

Fungua na bomba la intakula, kile kipozeo cha hewa ya tabo. Likiwa na unyevunyevu wa oili ni kawaida. Ikichuruzika, si kawaida.

Rotari_Zenji
Mimi nina Mazda RX-8 huku Unguja nawaonea huruma. Yangu inakula oili kwa makusudi! Injini yake ya Renesis, yenye rota badala ya pistoni, ina pampu inayorusha oili ndani ya chumba cha mwako, ili kulainisha sili za rota. Isipokula ndipo naogopa. Kila ninapojaza petroli mara ya pili napima kijiti, naongeza, maisha yanaendelea. Kuna wanaochanganya na oili ya pikipiki ya mipigo miwili kwenye tangi pia. Kwetu swali la "oili gani itazuia ulaji" halipo, tunauliza "oili gani inaungua bila kuacha majivu mengi". Huko kwenu ni kinyume.

Valvu16
Hoja ya majivu imenikumbusha. Oili ikiungua haipotei bure. Fosforasi iliyomo kwenye viongezeo vyake inaharibu masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, na mkaa unakaa juu ya pistoni na kwenye plagi. Mbaya zaidi kwa STI, ukungu wa oili ukichanganyika na hewa ya tabo unashusha oktani ya mchanganyiko. Hii injini ilipangwa huko Japani kwa petroli ya oktani 100, sisi tayari tuko chini ya hapo. Ikianza kudunda silindani, sehemu ya kwanza kupasuka ni ukingo wa pistoni kati ya ringi. Kwa hiyo "inakula ila inakimbia" ina mwisho wake, hasa kama kuna mtu amekuongezea presha ya tabo kwa kompyuta.

Na ile dawa nzito usiweke. Inaongeza mnato kwa kumwaga gundi, inapita kwenye tabo na kwenye vitundu vya AVCS hivyo hivyo. Kama unataka kusaidia sili za valvu zilizokauka, kuna oili za gari zenye kilomita nyingi, zina kiongezeo cha kulainisha mpira. Si muujiza, lakini angalau zimetengenezwa na watu wa oili.

dereva_wa_mwendokasi
Swali la kijinga: kwani lita moja kwa elfu ni nyingi? Mbona Wajerumani wanasema kawaida.

Valvu16
Si la kijinga. Kitabu cha Volkswagen kinaruhusu hadi nusu lita kwa kilomita 1,000. Hizo ni namba za kumlinda mtengenezaji kwenye dhamana, wewe mwenye gari usizifanye lengo. EJ20 nzima inatakiwa ikutoe kwenye huduma moja hadi nyingine bila kukutisha.

Mshale_wa_Bluu
Narudi na majibu. Kava za valvu kavu. PCV imekwama wazi, ukipuliza inapita pande zote. Bomba la intakula lina oili inayochuruzika kidogo. Kompresheni silinda tatu ziko karibu sawa, ya nne iko chini kiasi. Hewa ya kompresa kwenye hiyo ya nne inasikika kwenye kifuniko cha oili, si kelele kubwa. Nimebadilisha PCV na mabomba yake, nimeweka 5W-40 ya A3/B4. Nimekwenda tena Iringa: kijiti kimeshuka chini kidogo ya nusu ya nafasi kati ya alama mbili. Moshi wa Kitonga bado upo ila mwenzangu anasema ni mwepesi.

Kandambili
Mzee Spana anacheka huko alipo, mnato umepanda gari imetulia 😂

Mzee_Spana
Sijasema kitu. Nipo kimya tu.

Kaunti47
Hongera, lakini umebadilisha vitu viwili kwa mpigo. Sasa hutajua ni PCV au ni oili iliyosaidia.

Mama_Boksa
Kitaalamu ni kweli. Ila PCV iliyokwama huiachi ndani ya gari ya tabo ili upate majibu ya kisayansi. Alichofanya ni sawa.

Mdogo wangu Mshale, hali yako mimi naisoma hivi: sili za valvu zimechoka na silinda ya nne ringi zake zimeanza. Hakuna oili itakayorudisha hivyo. Unaweza kutembea nayo kwa muda, kwa masharti. Kijiti kila unapojaza mafuta, bila kusubiri taa. Ile taa ya oili nyekundu ni ya presha, ikiwaka kwenye kona beringi zimeshakula chuma. Injini hii inabeba lita nne na kitu. Ikipungua moja umepoteza karibu robo, ukipiga kona kali oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na beringi za fimbo za pistoni ndizo zinazolipa. Subaru nyingi zinazoletwa kwetu zikigonga, ulaji wa oili ndio ulioanza, na mwenye gari hakupima. Weka lita moja ya oili ile ile kwenye buti.

Badilisha kila kilomita 5,000, usivute hadi 10,000. Usiseme "naongeza mpya kila siku kwa nini nimwage". Unayoongeza ni mpya, uchafu uliobaki ni wa zamani. Na filta usibane hela.

Pima uvujaji tena huduma ijayo kwenye hiyo ya nne. Ikizidi, shusha injini kabla haijakuamulia yenyewe. Ukishusha kwa mpango unabadilisha ringi, sili na beringi. Ukisubiri ivunjike unanunua bloku.

Mshale_wa_Bluu
Nimeelewa dada. Filta fupi nyeusi au ile ndefu? Dukani wananiambia zinaingia zote.

Mama_Boksa
Kuingia zinaingia, nyuzi ni zile zile. Uliza ya EJ ya tabo, mpe namba ya chesesi akuangalizie. Za injini mpya za Subaru za FB zina presha tofauti ya kivalvu cha kupitisha oili, usichanganye. Paka oili kidogo kwenye mpira wake kabla ya kufunga, na hakikisha mpira wa zamani haukubaki umeganda kwenye injini. Ukifunga juu ya mpira wa zamani utaimwaga yote kabla hujafika Kibaha.

gari_sokoni
Mkuu ukiamua kuuza badala ya kushusha, nicheki inboksi. Bei iwe ya inayokula oili lakini.